Aliyeleta Habari ya Mwezi

Sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, na miguu iliyotembea jioni ile ni hii hii niliyoikunja hapa. Najua utanitazama kwa jicho la "mama huyu naye". Nimelizoea. Kijana mmoja wa chuo kule Chimwaga alikuja dukani kwangu kutoa kopi, nikamsimulia, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mama, hiyo ilikuwa stresi tu," akasema. Nikamwambia huzuni ninaijua, baba, nimekaa nayo chumba kimoja. Huzuni haivai kanzu.

Nianze na marehemu, maana bila yeye hutanielewa. Mume wangu Athumani alikuwa fundi wa madishi. Ninyi wa siku hizi mnajua vidishi vya kubandika ukutani. Enzi zile biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, mitumba imejaa, redio za kila sura zimejaa, na mwenye uwezo Dodoma mjini alijulikana kwa dishi. Lilikuwa dude kubwa, ndama angelala ndani yake akajinyoosha. Athumani aliwapandishia wafanyabiashara wa Kihindi wa pale mjini, akawapandishia na wenye baa, yeye juu ya paa analizungusha taratibu, mwenye nyumba sebuleni anapiga kelele: "Bado! Bado! Rudi kidogo! Hapo hapo!"

Kazi ile ilimfanya awe mtu wa kutazama juu. Tulipanga vyumba viwili Miyuji, na jioni baada ya swala ya magharibi alitandika mkeka nje akaniita, "Mama Watoto, njoo, inapita!" Aliniita hivyo ingawa Mungu hakutujalia hata mmoja. Mtu mwingine yeyote angeniita vile ningejua ananisimanga, lakini kwake lilikuwa jina la matumaini, na nilikuwa nikiliitikia kwa furaha. Basi ninaacha mboga jikoni ninakwenda. Ananionyesha kanyota kadogo kanakokwenda polepole, hakameti, hakana mlio, kanakata mbingu kutoka upande huu kwenda ule.

"Ndege?" nikamuuliza mara ya kwanza.

"Ndege ina taa za kuwaka na kuzima. Hiyo ni setilaiti."

Kufika katikati ya anga kakazimika. Nilishtuka, nikamshika mkono. Akacheka. "Haijazimika hiyo. Imeingia kwenye kivuli cha dunia, jua haliifikii tena. Ipo, inaendelea na safari yake." Akanieleza kwamba zile za televisheni ziko mbali mno, hatuzioni kwa macho, lakini hizi tunazoziona zikitembea hazisimami hata siku moja. Kilimia alinionyesha, kile kishada cha nyota wanachokitazama wakulima kujua majira. Nyota ya alfajiri alinionyesha. Mwezi nao alinisomesha mpaka nikachoka. Wanawake wenzangu waume zao waliwapeleka sinema. Mimi nilipelekwa mkekani, na wallahi sikuona nimepunjwa.

Alikufa kwa upepo. Unaijua Dodoma wakati wa kiangazi, upepo unaamka na hasira zake asubuhi, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Alikuwa juu ya paa la mteja, dishi halijakazwa bado, upepo ukalibeba. Angeliachia angekuwa hai. Lakini Athumani aachie dishi la mtu? Alilishika, akaenda nalo chini. Walioniletea habari walisema walimkuta bado amelishika ukingo.

Tulimzika kwao, Kolo, wilaya ya Kondoa, kule watalii wanakokwenda kuangalia michoro ya kale kwenye miamba. Nami nikabaki kule kukaa eda kwa mama mkwe. Nirudi Dodoma kufanya nini? Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, na ule upunguzaji wa wafanyakazi ulikuwa umeshanipitia kabla mume hajafa. Nikabaki katika nyumba ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, mimi na mama mkwe na binti yake Saida, ambaye ndiye wifi yangu.

Nchi ya kule imechimbwa na maji. Makorongo kila upande, mengine yana kina cha kumeza nyumba. Mvua ikinyesha milimani, maji mekundu yanapita humo kwa kishindo, kesho yake unakuta mchanga mtupu. Upande wa mashariki wa nyumba yetu, baada ya shamba la uwele ambalo mabua ya mavuno yaliyopita yalikuwa hayajafyekwa, lilikuwapo korongo kubwa, na ng'ambo yake makaburi alikolala Athumani. Hiyo ndiyo ramani yote unayohitaji.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sheria nyingi. Alinipenda, ila alinipenda kwa amri. Mjane havai rangi. Mjane hajipaki manukato. Mjane haonekani na wanaume wa nje, havuki ua wa nyumba. Hayo nilikuwa nayajua. Lakini yeye alikuwa na moja yake: mjane hautazami mwezi.

"Kwa nini, Mama?" nikamuuliza.

"Mwezi ni mwanamume. Unaingia mpaka chumbani bila hodi."

"Na nyota?"

Akafikiri kidogo, huku anachagua mawe kwenye mtama. "Nyota ni watoto," akasema. "Hizo tazama."

Basi nikatazama nyota. Mwezi ukiwapo nilijifunika kanga usoni kama mwizi wa kuku, usipokuwapo nilikaa uani nikatazama mpaka shingo iume. Niamini, mtu aliyezungushiwa ua miezi yote ile, mbingu ndiyo barabara yake. Nilikuwa nikisubiri setilaiti kama wengine wanavyosubiri basi la kwenda Arusha. Ikipita moja ninasema kimoyomoyo, "Inapita, baba," na huyo anayeitwa baba yuko ng'ambo ya korongo na udongo juu yake.

Hesabu ya eda yangu ilikuwa nyepesi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Athumani alizikwa mwezi ukiwa umebakiza siku kumi kwisha. Wazee wakasema: hizo kumi zihesabiwe, kisha miezi minne mizima, na mwezi unaofuata ukiandama tu, mjane anatoka. Yaani nilikuwa mtu anayesubiri mwezi bila ruhusa ya kuutazama. Ilikuwa lazima mwingine auone aje aniambie.

Sasa sikiliza. Katika ule mwezi wa mwisho, jioni moja tumekaa uani mimi na Saida, ikatokea setilaiti upande wa makaburi. Ikapanda polepole kama zote. Ikafika juu ya nyumba yetu, ikasimama.

"Saida, unaiona ile?"

"Ipi?"

"Ile iliyosimama."

"Wifi, nyota zote zimesimama," akasema, akacheka, akarudi kwenye kunde zake.

Nilikaa kuitazama mpaka umande ukaanguka. Haikutikisika. Kesho yake ikaja tena, ikapanda vile vile, ikasimama pale pale. Mimi mke wa fundi nilijua kabisa jambo lile haliwezekani. Ile ilikuwa kama mtu aliyemwona mwenzake akicheza ngoma kwa mbali, akaja kuicheza bila kujua inapoishia. Hayo ninayasema leo. Siku zile nilisema nini? Nilisema huyo ni Athumani. Cheka tu. Mjane huamini anachokitaka, na mimi nilimtaka mume wangu.

Nikaanza kuzungumza nayo. Saida akiingia ndani, ninaisimulia mambo ya siku: mama yako leo amegombana na mbuzi, mvua zimekaribia, mguu wangu unauma. Upuuzi wa mke na mume. Hata jioni moja moyo ulikuwa umenijaa mno, nikasema kwa sauti, "Nimechoka kukaa bila wewe. Njoo unichukue."

Nyota ile ikazima. Haikufifia kama zinavyofifia zikiingia kivulini, ilizima kama taa iliyopulizwa. Na jioni zilizofuata haikuonekana tena.

Ikafika jioni ya mwezi kutafutwa. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, mchana kutwa mawingu yalikuwa yamefunga. Wanaume walipanda mwamba ulio nyuma ya msikiti kutazama, na sisi ndani tukawa tayari. Nilikuwa nimeshaoga tangu alasiri. Mama mkwe alikuwa ameninunulia kitenge kipya Kondoa mjini, cha njano, nikakivaa, na rangi ile mwilini ilinitia aibu kama niliyevaa nguo ya mtu.

Kwao kulikuwa na desturi. Habari ya mwezi kwa mjane huletwa na mwanamume atakayeuona kwanza. Haingii ndani, na mjane hamtazami. Anasimama nje ya ua, anatangaza mara moja, anakunywa maziwa aliyotengewa langoni, anakwenda zake. Wala haulizwi jina. Kumuuliza mleta habari ya mwezi "wewe nani" ni kumwambia hujamwamini, na walisema nyumba itakayomshuku haitaletewa habari njema tena. Baada yake ndipo huitwa mwanamke mzee aliyewahi kukaa eda, amshike mjane mkono amvushe kizingiti. Mama mkwe alikuwa ameshaweka kibuyu cha maziwa langoni tangu jua halijashuka.

Adhana ya magharibi ikalia. Tukaswali. Tulipotoa salamu tu, hata mama mkwe hajainuka kwenye mkeka wake, tukasikia sauti nje ya ua.

"Mwezi umeandama. Mwambieni atoke."

Mama mkwe alipiga vigelegele ambavyo sikujua kifua kile kidogo kinavyo. Saida akanikumbatia. Mimi nikalia. Hivi unaweza kutulaumu? Lakini sasa fikiri, kama ambavyo nimefikiri miaka yote hii: msikitini walikuwa bado wanaswali. Tulikuwa tukimsikia imamu kwa mbali. Mwanamume gani wa Kolo anatembea nje ya nyua za watu kutangaza mwezi wakati wenzake wamerukuu? Hatukuuliza. Furaha haina masikio.

Mama mkwe akatoka mbio na ushungi unapepea, kwenda nyumba ya jirani kumleta mjane mzee wa kunivusha. Saida akaingia chumba cha ndani kutafuta chetezo na udi. Nikabaki peke yangu nimesimama nyuma ya mlango.

"Mama Watoto."

Sauti haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo ninalotaka uelewe. Ilikuwa sauti ya jioni yoyote ile ya Miyuji, ya mtu aliyetandika mkeka na anaona unachelewa. Kolo nzima hakuna aliyelijua jina lile. Na nani angethubutu kumwita hivyo mjane asiye na mtoto?

"Mama Watoto, njoo uuone kabla haujazama."

Nilivuka kizingiti peke yangu. Nikavuka uwanja, nikavuka lango la ua ambalo sikuwa nimelivuka tangu siku ya maziko. Kule nje giza lilikuwa bado halijakamilika. Alikuwa ametangulia, yuko kwenye njia inayoingia shamba la uwele, amenipa mgongo. Kanzu nyeupe, kichwa kitupu. Sikumwona uso. Lakini ile shingo! Shingo ile nimeinyoa kwa wembe kwa mkono wangu, kila Ijumaa, mtu ananiambia taratibu usinikate. Mke anaweza kusahau mengi, shingo ya mumewe haisahau.

Niliogopa? Hapana. Nitakudanganya ili iweje? Nilimfuata kama nilivyokuwa nikiacha mboga jikoni. Nilitaka kumuuliza amekula nini. Nilitaka kumwonyesha kitenge. Uwele uliolowa ulikuwa ukinipiga miguuni, na yeye mbele hakuupiga, haukusogea alipopita, hilo nililiona na halikunisimamisha.

Kisha akasimama, akanyoosha mkono juu.

"Ule pale."

Na kweli, mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo mbele yetu, na pale katikati mwezi. Mwembamba kama ukucha uliokatwa, safi, mzuri. Miezi minne nilikuwa sijauona! Machozi yalinitoka. Nikasema alhamdulillahi. Yeye akaanza tena kwenda, mkono bado ameunyoosha, nami nyuma yake, macho yangu juu, natembea kwa mwezi ule bila kutazama ninapokanyaga.

Kilichonisimamisha ni kanzu. Niliteremsha macho mara moja tu kumtazama yeye, maana nilimtaka yeye kuliko mwezi, nikaona mgongo wa kanzu yake una wekundu. Nikajiuliza, wekundu huu unatoka wapi? Nikageuza kichwa. Nyuma yangu, kule chini kabisa mawingu yalikoachana na ardhi, ulibaki mwanya wa machweo, mwekundu kama kaa la moto. Jua lilikuwa limezama nyuma yangu.

Na mwezi ulikuwa mbele yangu.

Mtoto wa madrasa anajua kwamba mwezi mchanga unaandama pale pale lilipozama jua, unalifuata kama kifaranga. Jioni ya kwanza hauwezi kuwa kwingine. Sote tunajua. Athumani ndiye alijua zaidi ya sote, mtu yule angeweza kuamshwa usingizini akakuonyesha kwa kidole.

Moyo uliniuma kabla sijaogopa. Nikasema, na sauti ilitoka ya kigomvi kabisa, kama tunazozana nyumbani: "Athumani, tangu lini mwezi ukaandama mashariki?"

Akasimama. Hakugeuka. Wadudu wote shambani walikuwa wamenyamaza, nikasikia pumzi yangu peke yake.

"Umeona," akasema.

Neno hilo tu. Kisha akaanza kushusha mkono, na mwezi ukashuka pamoja na mkono. Niamini. Ulishuka kutoka mbinguni taratibu, kadiri mkono ulivyoshuka, ukapita kimo cha kichwa chake, ukapita kiuno, ukaendelea kushuka mpaka ukawa chini ya miguu yangu. Na kwa mwanga wake nikaona nilipo. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimepita ukingo wa korongo. Chini maji mekundu yalikuwa yakienda kwa nguvu, yamebeba matawi, yamebeba mzoga wa mbuzi, na mimi sikuwa nimeyasikia kabisa mpaka dakika ile, ndipo kishindo kikanijaa masikioni. Naye alikuwa amesimama mbele yangu, hatua moja tu, na pale aliposimama hapakuwa na ardhi.

Mwezi ukaingia majini, kukawa giza.

Mikono ilinishika kitenge kwa nyuma ikanivuta, tukaanguka wote wawili kwenye matope. Saida. Alikuwa ametoka na chetezo, akapita langoni kumshukuru mleta habari, akakuta kibuyu kimejaa maziwa vile vile. Mwanamume wa kule hakatai maziwa. Akageuka kuniambia, mlango wazi na mimi sipo. Akaokota tochi akakimbilia upande ambao uwele ulikuwa umelala njiani. Uwele uliolala ulikuwa wa mtu mmoja.

"Wifi, unakwenda wapi?" alikuwa akilia, ananipiga makofi ya mgongo kama mtoto. "Unakwenda wapi, wifi?"

Kurudi nyumbani, tunamkuta mama mkwe uani na mjane mzee wa jirani, na wanaume wawili wametoka msikitini. Wamekuja kusema kwamba mwezi haukuonekana, unatimizwa siku thelathini, mjane atatoka kesho. Basi yule aliyekuja kutangaza ni nani? Mama mkwe akaapa kwamba ile ilikuwa sauti ya kaka yake, akakumbuka katikati ya kiapo kwamba kaka yake amekufa zamani. Saida akasema hapana, yeye alimsikia mwadhini, kabisa, mpaka kile kikohozi chake. Mwadhini ndiye mmoja wa wale wawili waliosimama mbele yetu. Kila mmoja alikuwa amesikia sauti ya mtu ambaye asingeweza kumtilia shaka.

Hakuna aliyenigombeza. Mama mkwe alinivua kitenge kilichojaa matope, akanirudishia nguo zangu za eda, akanisomea, akaburuta mkeka wake akalala akiwa amekiziba kizingiti kwa mwili wake. Nilimsikia usiku ule akisema na mlango kwa lugha yao. Sikuelewa maneno, ila jina la mwanawe nililisikia, mara nyingi, kwanza kwa ukali na baadaye kwa kubembeleza.

Kesho yake jioni mawingu yalikuwa yameondoka, mwezi ukaonekana na kijiji kizima, magharibi, mahali pake. Nilivushwa kizingiti na mjane mzee kama inavyotakiwa. Baada ya wiki nikarudi Dodoma, nikaanza na mashine moja ya kupiga chapa, leo nina duka. Niliolewa tena, na mtu mwema, asiye na habari na nyota. Nyumba tuliyoijenga Miyuji haina dirisha upande wa mashariki. Fundi alinisihi, jirani zangu wanacheka kwamba mama huyu amekataa jua la asubuhi. Waache wacheke. Jioni ya mwezi mwandamo watu wanapotoka nje wakatazama magharibi, nami natoka, natazama nao, na shingo yangu haigeuki. Mgongoni ninahisi mwanga hafifu umenigusa, wa baridi. Sijawahi kugeuka kuhakikisha. Nawe usinishauri nigeuke.

Mama mkwe mpaka anafariki alikuwa na neno moja: "Yule hakuwa mwanangu. Mwanangu asingekosea mwezi unakotokea." Nami nilimwitikia, "Kweli, Mama," kwa sababu lilimtuliza. Lakini mwenzangu, neno lake lina upande wa pili, na upande huo ndio unaoninyima usingizi. Athumani asingekosea. Basi kama alikuwa ni yeye, akatumwa au akalazimishwa kunileta pale kwa sababu mimi mwenyewe nilimwita, angefanyaje kunirudisha bila kusema? Angenionyesha mwezi mahali ambapo mke wake lazima angeshangaa. Lile "umeona" nimelisikiliza kichwani miaka yote hii. Siku nyingine ninalisikia limejaa chuki. Siku nyingine ninamsikia mume wangu akipumua, ametua mzigo.

Kwa hiyo ninakuambia, hasa wewe uliyefiwa na bado unaumia. Usimwite. Hata kwa utani, hata peke yako uani, usiseme njoo. Na mtu akikuita jioni utoke ukaone mwezi, usitoke kwa sauti moja. Ngoja wa pili aseme, muulize jina, muulize upande, mtazame usoni. Asiyetaka kukuonyesha uso mwache aende na mwezi wake.

Maana wanaosikia kisa hiki huniambia nina akili, kwamba nilikumbuka mambo ya mbingu nikajiokoa. Ninawaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa pale ukingoni, nimeshajua mwezi ni wa uongo, nimeshaona maji, na bado miguu yangu haikurudi nyuma hata kidogo. Nilikuwa nikisubiri ageuke. Angegeuka, nikauona uso wake mara moja tu, ningepiga ile hatua.